Je, Mtu Aweza Kuamriwa Afurahi?



Likizo iliyopita mjukuu wangu alikuja nyumbani na kitabu cha mchezo. Si mchezo wa bao wala wa karata. Watu huketi kuzunguka meza. Mmoja husimulia kisa, na wengine husema na kutenda kana kwamba wao ndio watu wa kisa hicho. Dadu huamua kama wamefaulu. Mchezo huo, uitwao Dungeons & Dragons, ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1974. Nilidhani ni upuuzi wa vijana, lakini mtu mmoja wa kitabu hicho amenikosesha usingizi.

Kisa chenyewe, Curse of Strahd, kilitolewa mwaka 2016. Ndani yake mna mji mdogo, Vallaki, uliozungushiwa ukuta wa magogo. Nje huzunguka mbwa mwitu, na nchi yote imo mikononi mwa Strahd, mtawala mnyonya damu. Mkuu wa mji, Baron Vargas Vallakovich, anaamini kwamba watu wote wakifurahi, mji utaokoka. Kwa hiyo huamuru sherehe kila wiki. Anayezisema vibaya huhesabiwa kuwa mshirika wa Strahd, na wengine hufungwa uwanjani mbele ya watu, wamevikwa vichwa vya punda vya plasta. Katika sherehe moja mvua inauzima mwenge wa mkuu. Askari mmoja anacheka, naye anakamatwa. Tazameni ajabu hii: anayeamuru furaha hawezi kustahimili kicheko.

Je, ukali wenyewe ndio ubaya wake? Tuwe waadilifu. Kufunga malango usiku na kuweka walinzi ni ukali pia, na pasipo huo mbwa mwitu wangeingia. Kiongozi ana haki ya kuiamuru mikono na miguu yetu kwa usalama wa wote. Lakini moyo hauna lango ambalo askari aweza kulifunga. Ukiuamuru, hupati furaha. Wapata meno yaliyo nje tu. Tena wajinyima habari, maana huenda mnung'unikaji ndiye aliyeona mahali ukuta ulipooza. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana, tulimtazamia mkaguzi shuleni. Niliwaagiza watoto waimbe kwa nyuso za furaha. Mtoto mmoja hakuimba, nami nikamchapa fimbo mbili. Jioni mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba mama yake mtoto yule alikuwa amezikwa juma lile. Mkaguzi aliandika kwamba darasa langu lilikuwa lenye furaha. Tangu siku ile mtoto yule hakuniletea tena swali wala shida yoyote. Baadaye, katika chuo cha ualimu, nilifundisha wengi namna ya kutawala darasa, ila kisa hiki sikuwasimulia.

Basi sisi tulio na watu chini yetu, tukiwa wazazi, walimu au wazee, tujipime hivi: je, mtu aweza kuja mlangoni pangu na habari mbaya, akaisema yote, akaondoka kwa amani? Kama hawezi, nyimbo zinazoimbwa mbele yangu hazinihakikishii kitu.