Ukuta wa Mabati

Katika mitaa ya Mathare na Kibera, jijini Nairobi, nyumba nyingi hutenganishwa na bati moja tu. Kikohozi cha jirani husikika, na kilio cha mtoto wake husikika pia. Basi nakuuliza, msomaji: akipigwa mtu asiyeona, au akidhulumiwa binti kiziwi asiyeweza kuita msaada kwa maneno, je, jirani aliyesikia vishindo akanyamaza hana hatia?

Wako wasemao kwamba mambo ya nyumba ya mtu ni siri yake. Udhuru huo ni dhaifu. Siri huhifadhi heshima. Haikuwekwa ili kuficha dhuluma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, yakataza ukatili juu ya mtu yeyote, hata ukitendwa na watu binafsi. Kifungu cha 54 nacho champa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutoitwa kwa namna ya kumdunisha. Hekima yake ni kubwa, maana ulimi uliozoea kumdharau mtu huurahisishia mkono kumpiga.

Walakini tusihukumu kwa pupa. Mama atokaye alfajiri kwenda kufua nguo za watu, akamfungia ndani mwanawe asiyeweza kutembea, aghalabu si katili. Hana wa kumwachia. Hata hivyo, mtoto yule amebaki peke yake mbele ya moto, na mbele ya mwovu ajuaye kwamba mama hayupo. Majirani wakipeana zamu ya kumtazama, wameondoa hatari kabla haijafika, wala hawakutumia fedha.

Na ukatili ukiisha kutendeka, mpe habari chifu, polisi au mwalimu wako. Kwa mtoto aliyedhulumiwa, simu 116 hupigwa bila malipo. Mwenye ulemavu asisemewe kana kwamba hayupo: aulizwe mwenyewe, na akiwa kiziwi atafutiwe mtu ajuaye lugha ya ishara.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Onyo hilo ni la kweli, lakini wema utokao katika hofu ya kesho pekee ni haba. Haki ya jirani yako imo katika utu wake wa leo, nawe kilio chake umekwisha kukisikia.