Jicho la Wavu

Waswahili walipohitaji jina la kuuita ule ulimwengu wa kurasa zinazosomwa kwa kompyuta, wako waliotazama chombo cha mvuvi wakasema "wavuti". Jina hilo lina maana nzito kuliko linavyosikika. Wavu ni vitu viwili: uzi na tundu. Uzi hushika, tundu huachia; na wavu usioachia kitu si wavu tena, ni guo la kukomba bahari.

Jambo hili halihitaji kufundishwa kwa wavuvi wa Muleba, wala kwa wenzao wa visiwa vya Bumbire na Goziba katika Ziwa Viktoria. Huko sangara aliyepungua sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa, kwa kuwa bado hajakua. Na aliyezidi sentimita 85 naye aliwahi kutakiwa aachwe, kwa kuwa ndiye mzazi wa kesho. Kokoro, linaloburura kila kilichomo ufukweni, limepigwa marufuku. Si kila mtu hutii, lakini hata anayevunja sheria anajua kuwa ipo, na kwamba uwezo wa kuvua haukuwa ruhusa ya kuvua.

Sasa na afikiriwe mwanafunzi wa teknolojia ya habari mjini Bukoba, mkaazi wa kata ya Bakoba. Jina hana, maana wa mfano wake ni wengi. Darasani amejifunza lugha ya HTML: kwamba alama nyingi zinazofunguliwa hufungwa, kwamba picha na sauti huitwa kwa anwani zao, na kwamba kiungo kimoja chaweza kumpeleka msomaji kutoka Kagera hadi Muscat kwa kubonyeza mara moja. Amejifunza pia kufunua chanzo cha ukurasa wa mtu mwingine na kuona ulivyofumwa. Kisha anapewa zoezi: atengeneze tovuti juu ya utamaduni wa kwao.

Likizo ikifika, anakwenda Muleba kwa babu yake. Anakaribishwa kwa buni za kutafuna, na jioni, nyuma ya migomba, mzee anaishika nanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti, akaimba habari za Rukiza. Kijana anarekodi kwa simu. Akirudi mjini anaipanga sauti ile katika ukurasa mzuri, anapewa maksi za juu, na ukurasa unarushwa hewani. Mzee hajaambiwa. Je, kijana amekosa?

Wa kwanza kumtetea atasema: hakuiba. Aibaye mbuzi huacha zizi tupu, lakini aliyenakili wimbo amemwachia mwenyewe wimbo wake mzima. Hoja hii ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Ikiwa liko kosa, basi halimo katika wimbo. Na litafutwe kwingine.

Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera aliyezichunguza kwa kina tendi za nanga za Wahaya, alizichukua kuwa ni sanaa ya utendaji, si maneno matupu yaliyohifadhiwa kichwani. Manju huimba mbele ya watu. Huwaona nyuso zao. Hujua nani amsifu, nani amstahi, habari ya nani airefushe na ya nani aipite kimya kwa kuwa mjukuu wake ameketi pale. Kwa hiyo pamoja na maneno, manju anamiliki kitu kingine: hiari ya kuchagua wasikilizaji. Hicho ndicho alichopokonywa mzee wa Muleba. Aliimba mbele ya mjukuu mmoja. Akajikuta, bila kujua, ameimba mbele ya dunia.

Mtetezi wa pili ana hoja kali zaidi. Wazee wanakufa, atasema, na nyimbo zinakufa nao. Anayengoja ruhusa atarudi na ruhusa mkononi akute kaburi. Pwani inao ushahidi wa kumuunga mkono. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yangepotea lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor wasingeyakusanya miongo kadhaa baadaye kutoka vinywani na vifuani mwa watu. Na ilikuwa mwaka 1940 ndipo diwani yake ikachapishwa. Nani alimwomba Muyaka ruhusa? Hakuna, na hakuna mpenda ushairi atakayelalamika.

Lakini tofauti iko. Muyaka alikuwa amekwisha kufa. Asiyeweza kuulizwa, mkusanyaji hana lawama kwa kutomwuliza. Hata hivyo deni moja lilibaki, nalo lililipwa: jina. Mashairi yalibaki ya Muyaka. Ndiyo desturi ya watunzi wa tenzi, ambao aghalabu hulifunga utungo kwa kujitaja na kuomba radhi kwa makosa, ili sifa na lawama zijue mlango wa kubisha. Mzee wa Muleba yu hai, na yuko umbali wa safari moja ya basi. Dharura iliyowaruhusu wakusanyaji wa Muyaka haimruhusu mjukuu wake.

Mtetezi wa tatu atasema kwamba wavuti wenyewe ulizaliwa huru. Ni kweli. Tim Berners-Lee aliubuni mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikautangaza kuwa wa wote bila malipo. Ulikuwa ukarimu mkubwa. Lakini na itazamwe nani alitoa nini: mwenye mali alitoa mali yake. Kumwiga kwa kutoa mali ya mwingine si ukarimu. Ni kutoa sadaka kwa mfuko wa jirani.

Sheria ipo. Ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa hata sanaa za jadi, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu na habari zake. Ila sheria huja baada ya kosa, na hakuna babu atakayemshitaki mjukuu wake. Penye mapenzi ndipo sheria huwa fupi, na ndipo adabu hutakiwa iwe ndefu.

Adabu hiyo haianzi kwa kuomba, bali kwa kueleza. Asiyejua upana wa wavu akisema "sawa, weka", hajaridhia, ameitikia tu. Kwa hiyo mwanafunzi ana somo la pili, ambalo mtihani hauliulizi: kumfundisha mzee. Amwambie kwamba wimbo wa uani huisha usiku ukiisha, lakini wa wavuti unaweza kunakiliwa mahali pasipofikika tena hata ukurasa wenyewe ukifutwa. Amwambie kwamba atasikilizwa na wasiojua Kihaya, na labda na wasiompenda. Kisha anyamaze, amwache achague.

Huenda mzee akasema: huu weka, na jina langu liwepo, ule wa ukoo uache humu humu. Tovuti itapungukiwa na wimbo mmoja. Maksi nazo pengine zitapungua. Lakini pale ulipokosekana wimbo ndipo patakapokuwa tundu la wavu ule, na kwa tundu hilo mvuvi atatambulikana kuwa si mwenye kokoro.