Zamu ya Maji Katika Mji wa Nakuru

Tumeletewa swali katika darasa letu ambalo kwa juu laonekana ni la mfereji na mita, na ndani yake ni la dini khasa. Ndugu mmoja alitueleza kwamba katika nyumba aliyopanga, mwenye nyumba amepitisha bomba kando ya mita, na maji yaingia bila ya kuhesabiwa wala kulipiwa. Naye hutawadha kwa maji hayo akasali. Je, sala yake yasihi? Kabla hatujajibu, baadhi ya waliokuwapo walicheka, wakasema maji ni ya Mungu na yatoka mbinguni, basi ni nani wa kumwambia mja wake ayalipie? Kicheko hicho ndicho kilichotushikisha kalamu.

Jawabu ya swali lenyewe ni fupi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo kauli ya wanazuoni walio wengi, udhu kwa maji ya dhuluma wasihi na sala yasihi, lakini dhambi yabaki juu ya mwenye kuyatumia hali ya kuwa ajua. Mahambali, katika kauli yao mashuhuri, wasema udhu huo hausihi kabisa. Basi aliyetosheka kwamba sala yake imesihi, na hali dhambi i shingoni mwake kila anapokunja mikono ya kanzu, huyo ameifanya fikihi kuwa mwanya wa kupenyea. Tulimwambia ndugu yetu azungumze na mwenye nyumba, na asipomsikia, ajitafutie maji mengine ya halali, na kama aweza, nyumba nyingine. Tunajua ya kuwa kusema haya ni rahisi kuliko kuyatenda kwa mtu mwenye watoto na mshahara mdogo.

Ama yale maneno kwamba maji ni ya Mungu, hayo yana ukweli, na kwa sababu hiyo ndiyo yana khatari. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza mtu kuyazuia maji yaliyomzidi haja yake. Katika Hadithi Sahihi yumo mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri, naye ametajwa miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiama. Wanazuoni wetu hawakuyaacha mafundisho haya hewani. Imamu Nawawi katika Minhaj amepambanua: maji ya mto ni ya watu wote, maji aliyoyateka mtu katika chombo chake ni mali yake, na mwenye kisima yampasa atoe kilichomzidi kwa ajili ya wanyama wenye kiu, wala hapaswi kukitoa kwa ajili ya shamba la mwenziwe. Na mwanadamu mwenye kiu ana haki zaidi kuliko mnyama.

Sasa na tuyatazame maji yafikayo katika mfereji wa Nakuru. Je, hayo ni ya mto au ni ya chombo? Mji huu umekaa kando ya ziwa, lakini ziwa lenyewe ni la magadi wala halinyweki. Tangu kama mwaka wa 2010 maji yake yamekuwa yakipanda, hata yakalimeza lango kuu la zamani la mbuga na yakawahamisha watu majumbani mwao, na katika miaka hiyo hiyo mifereji ya mitaani ilikuwa ikikauka. Mgeni akiona maji mengi kiasi hicho hustaajabu kusikia habari ya mgao. Maji tunayokunywa yatoka kwingine: katika visima virefu vya Kabatini, Baharini na vya kando ya barabara ya Nairobi, ambavyo lazima vivutwe kwa mashine za umeme mchana na usiku, na katika mito ya Turasha na Mereroni, ambayo maji yake husafishwa, yakatiwa dawa, yakasafirishwa kwa bomba mpaka mjini. Mvua ni ya Mungu bila shaka, lakini mvua haikuchimba kisima wala haikulipa umeme. Anayelipia maji ya mfereji hanunui neema ya Mungu. Alipa ujira wa mchimbaji, wa fundi, na wa yule aamkaye saa nane za usiku kufungua vali. Mwenye kupitisha bomba kando ya mita amewaibia hao, na amemwibia jirani yake aliyelipa.

Na habari ya jirani ndiyo tunayotaka kuikazia, kwa kuwa watu wengi wadhani wanaiibia kampuni tu. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilikuta katika mji wa Nakuru watu zaidi ya laki tano na nusu, na mwaka wa 2021 mji ukapewa hadhi ya jiji. Visima havikuongezeka kwa kadiri ya watu. Pindi mahitaji yanapoyapita maji yaliyopo, hapana njia ila mbili: kuongeza maji, au kuyagawa yaliyopo. Taarifa za halmashauri ya kusimamia huduma za maji katika Kenya zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba katika kila lita 100 zinazotengenezwa nchini, zaidi ya 40 hazilipiwi na yeyote. Nyingine zavuja ardhini, nyingine zapotea kwa mita mbovu, na nyingine ndizo hizi za bomba la kando. Mafundi wana hila nzuri ya kuyajua haya. Hupima maji yapitayo katika bomba la mtaa mmoja baina ya saa nane na saa kumi za usiku, wakati watu wamelala na mifereji imefungwa. Kile kinachoendelea kupita wakati huo, sehemu kubwa yake ni uvujaji. Tulipoelezwa hila hii tulikaa kimya kidogo, kwani saa hizo kwetu sisi ni saa za tahajudi, na hatukuwahi kufikiri kwamba ni saa ambazo bomba nalo laulizwa lifanyalo gizani.

Ama kugawa kwa zamu, hili lina asili tukufu. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura ya Ash-Shuaraa na katika Al-Qamar khabari ya ngamia wa Nabii Saleh (a.s.): kwamba kinywaji kiligawanywa, ngamia akawa na siku yake na watu wakawa na siku yao maalumu. Thamudi hawakufanya shari na maji; walishindwa kuvumilia zamu ya mwingine, tena huyo mwingine alikuwa mnyama asiyeweza kujitetea. Katika Minhaj pia mna mlango wa mfereji walioshirikiana watu: huwekwa ubao wenye matundu kukatisha mkondo, kila mmoja tundu lake kwa kadiri ya fungu lake, au wagawane kwa zamu. Ndugu zetu wa Oman wamekaa juu ya kanuni hii karne nyingi katika aflaji zao. Fungu lao la maji huhesabiwa kwa muda, mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota, na mtu huweza kurithi au kuuza nusu saa ya maji kama wengine wanavyorithi minazi.

Lakini zamu ya bomba si sawa na zamu ya falaji, na hapa ndipo dhuluma inapoingia bila ya mtu kuiona. Vali ya mtaa ikifunguliwa, maji hukimbilia kwanza kwenye matangi makubwa ya chini ya ardhi ya wenye uwezo, na pampu zao huyanyonya. Aliye mwisho wa bomba, au juu ya kilima, husikia upepo tu ukivuma katika mfereji wake mpaka zamu inakwisha. Kwa khofu ya siku kavu kila mwenye tangi hujaza zaidi ya haja yake, na kwa kujaza kwake huizidisha ile siku kavu kwa mwenziwe. Tena bomba likikaa tupu, uchafu wa ardhini huingia katika nyufa zake, na maji ya kwanza yatokayo siku ya zamu si ya kumpa mtoto. Tungependa wenye matangi makubwa wayajue haya. Hatusemi tangi ni haramu. Twauliza tu, je, lita iliyozidi katika tangi lako siku ambayo jirani ananunua mtungi kwa mkokoteni, si ndiyo ile ziada iliyokatazwa kuzuiwa?

Na bei nayo ina mlango wake. Kanuni ya bei ya maji ni kwamba matumizi machache hulipiwa kwa bei ya chini, na kadiri mtu atumiavyo zaidi ndivyo kila kipimo kinavyopanda. Nia ni njema, maana yake ni kumhurumia maskini na kumzuia mwenye kufuja. Lakini katika mitaa ya ploti, nyumba ishirini huwa na mita moja. Matumizi yao yakijumlishwa mita huona ni tajiri mmoja afujaye, na huwatoza wote bei ya juu. Na yule asiye na mfereji kabisa hununua mtungi wa lita 20 kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya ile anayolipa mwenye bustani ya maua. Katika mitaa kama Kaptembwa na Rhonda paliwekwa mita za kulipia kabla ya kuteka, ili mpangaji alipe kwa bei ya mfereji bila ya kupita mkononi mwa mwenye nyumba. Twaiona hiyo ni hatua ya insafu, ijapokuwa mita haimkopeshi aliyeishiwa, na jirani mwema hukopesha.

Kuna wasemao dawa ni kuongeza maji, basi tuache kuwasumbua watu na hisabu za ndoo. Sisi hatuwapingi, katiba ya mwaka wa 2010 nayo imeyafanya maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Lakini waikumbuke habari ya Itare. Bwawa hilo lilianzwa mwaka wa 2017 huko Kuresoi, ili maji yapitishwe chini ya mlima yaje Nakuru; mwaka wa 2018 kazi ikasimama, mkandarasi wake kutoka Italia alipoingia katika matata ya fedha kwao. Na kabla ya kusimama, watu wa chini ya mto, ambao maji yao huteremka kuelekea Ziwa Viktoria, walikwisha kulalamika kwamba yao yachukuliwa. Malalamiko hayo yatukumbusha kesi ya Zubeir (r.a.) na Mansari mmoja juu ya mifereji ya Harra. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubeir, aliyekuwa juu, anyweshe kisha amwachilie jirani yake, alikuwa amempunguzia Zubeir kwa upole. Mansari alipomtuhumu Mtume kwa upendeleo, ndipo alipoamuriwa Zubeir achukue haki yake kamili. Sisi wa Nakuru, katika jambo la Itare, hatuko juu wala chini ya mto: tu watu wa bonde jingine tuliokuja na bomba. Yatupasa tuombe kwa adabu zaidi kuliko Zubeir.

Imebaki khabari ya msikiti. Uko msikiti ambao wafadhili waliuchimbia kisima, na siku za mgao majirani, Waislamu na wasio Waislamu, huja na mitungi. Baadhi ya wanakamati wamefunga lango, hoja yao kwamba kisima ni wakfu wa udhu na sharti ya mwenye wakfu haivunjwi. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini tuliuliza sharti hiyo imeandikwa wapi, haikuonekana. Na mfadhili mmoja alisema kwamba nia yake ilikuwa msikiti na walio kando yake. Ndani ya lango hilo hilo tuliona mtu akitawadha, mfereji wazi tangu kiganja hadi mguu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita. Wanaofungiwa nje wamezuiliwa kwa ajili ya maji yanayopotea ndani.

Jambo moja lilituzuia tusitoe amri upesi ya kufungua lango. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana madini ya floraidi kupita kiasi, na haya ndiyo yanayowatia watoto wetu meno ya kahawia, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita. Kuyachemsha hakufai kitu. Hupunguza maji na madini yakabaki. Kisima cha msikiti kilipopimwa kilikutwa kimepita kiwango. Ikawa maji tuliyotaka kuyatoa sadaka yana dhara kwa mtoto ayanywaye kila siku. Wako watu wa Nakuru wanaoyasafisha kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, na hapo fakihi wa Kishafi husita, kwani mifupa ya nyamafu kwetu ni najisi na kuchomwa hakuitoharishi, na Mahanafi waiona tohara. Mas'ala hayo yataka siku yake.

Baada ya mashauri kamati imekubali haya: lango lifunguliwe baina ya alasiri na magharibi siku za mgao, ubao uandikwe kwamba maji ni ya kufulia na kuoshea, si ya kunywesha watoto, paa la msikiti litiwe mabirika ya kukinga mvua, na maji hayo yawe ya kunywa, na mifereji ya udhu ibadilishwe iwe ya kujifunga yenyewe. Fedha za mabirika hazijatimia. Ama ndugu wa bomba la kando, alikuja Ijumaa iliyopita akasema mwenye nyumba amekubali kuliondoa, kwa sharti kwamba kodi itapanda, naye yuauliza kama apaswa kulipa nyongeza hiyo kwa miezi iliyopita.