Kabla ya Turubai

Mtu akifa katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, saa moja haipiti kabla watu hawajajua la kufanya. Mmoja anakwenda kukodi turubai na viti, mwingine anafungua daftari la michango, kina mama wanakusanya masufuria na kugawana mchele wa kuchambua, vijana wanatafuta koleo na sururu. Hakuna anayengoja kuagizwa. Vikundi vya kufa na kuzikana vina katiba, vina mweka hazina na kiwango cha rambirambi, na mwanachama anayekosa mazishi bila udhuru hujikuta akiulizwa. Ni moja ya mambo mazuri kabisa tuliyonayo, wala sitaki kulipunguzia heshima. Lakini majuma kadhaa kabla ya siku hiyo, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo, palikuwa na mtu aliyekuwa akifa polepole, na mara nyingi palikuwa na mtu mmoja tu wa kumgeuza kitandani.

Mtu huyo mmoja tunamjua. Aghalabu ni binti, au dada aliyeitwa kutoka kijijini, au mke aliyeacha genge lake la nyanya likifungwa siku moja, kisha mbili, kisha moja kwa moja. Ndiye anayekesha, ndiye anayefua mashuka, ndiye anayelaumiwa akikosea. Wageni hawakosekani. Mila inawataka waje. Uislamu umeifanya ziara kwa mgonjwa kuwa haki ya Mwislamu juu ya mwenziwe, na Ukristo unafundisha kwamba anayemwendea mgonjwa amemwendea Bwana mwenyewe. Wanakuja, wanakaa ukingoni mwa kiti, wanaomba dua, wanaacha machungwa na kibahasha, wanaondoka. Wahenga walitaka mgeni wa siku ya tatu apewe jembe, ila kwa mgonjwa hiyo siku ya tatu huwa hatuifiki. Kumjulia hali tunakuweza. Kumuuguza tumewaachia wa damu yake. Je, ni upungufu wa upendo?

Sidhani. Nadhani kwanza ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Nchini Tanzania wanawake wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwishaenea. Maumivu yake ni makali, na kidonda kinapooza hutoa harufu inayojaza nyumba. Rafiki anayesikia mwenzake akilia usiku kucha, naye hana cha kumpa, hupunguza safari zake taratibu, kisha huona aibu kurudi kwa sababu amekaa mno bila kuja. Mgonjwa naye huijua harufu yake kabla ya mtu yeyote. Huomba mlango ufungwe, hukataa kuonekana. Basi pande zote mbili zinaachana kwa kuoneana haya, na majirani wanasema fulani ametengwa na marafiki.

Hapo ndipo huduma ya hospisi, au tiba shufaa kama wahudumu wetu wanavyoiita, inapogeuza mambo. Muuguzi huja hadi nyumbani na chupa ya mofini ya maji, dawa inayotengenezwa kwa unga wa mofini uliochanganywa na maji, kihifadhi na rangi kidogo. Hupimwa na kunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huongezwa ili mgonjwa apate usingizi mpaka alfajiri, na anayemuuguza apate wake. Muuguzi hueleza kwamba mofini hufunga choo, kwa hiyo huandamana na dawa ya kulainisha. Huonyesha jinsi vidonge vya metronidazo vinavyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda ili kukata harufu. Ni vitu vya bei ndogo, visivyo na mashine wala umeme. Maumivu yakitulia na harufu ikikatika, mlango unaweza kufunguliwa tena, na mgonjwa anarudishiwa watu wake. Hilo silioni likiandikwa kwenye karatasi ya dawa, ingawa kwangu mimi ndilo tendo kubwa zaidi la chupa ile.

Afrika Mashariki haikuwa ya mwisho katika jambo hili. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyefanya kazi hapo, akaenda Kampala mwaka 1993 kuanzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji ambayo hata maskini angeimudu. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe, kwa sababu iliona wazi kwamba katika vijiji vingi daktari hafiki. Kwetu kazi hiyo imefanywa na Taasisi ya Saratani Ocean Road, na hospitali kama Selian huko Arusha na Muheza mkoani Tanga. Bado wanaofikiwa ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huhitaji huduma ya aina hii kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata.

Hata pale anapofika, muuguzi wa hospisi hawezi kukaa. Ana wagonjwa wengine, ana barabara mbovu, ana gari moja au pikipiki. Atakuja leo, na huenda asionekane tena kwa wiki nzima. Siku zote zilizobaki katikati ni za nani? Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Kerala, walilijibu swali hili kwa namna inayotuhusu. Kliniki ya maumivu ilifunguliwa mwaka 1993 mjini Calicut, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yaliijua tangu zamani, na madaktari walioianzisha, M. R. Rajagopal na Suresh Kumar miongoni mwao, wakaja kuona kwamba wagonjwa wao walihitaji jirani kuliko kitanda. Miaka michache baadaye watu wa kawaida, wakiwamo walimu, wenye maduka, wanafunzi na madereva, wakaanza kufundishwa kuosha vidonda, kumgeuza mgonjwa na kumsikiliza, wakichangishana vijisenti na kupangiana zamu. Mwaka 2008 serikali ya jimbo hilo ikaitungia huduma hiyo sera. Nikisoma habari za Kerala sioni jambo geni. Daftari la michango wanalo kama letu, ila wao wamelifungua mapema.

Zamu zenyewe si kazi za kutisha. Ni kulala pale usiku wa Jumanne na Ijumaa ili binti alale. Ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara asifanye vidonda vya kulalia, kuandika saa ya kila dozi, kufua, kwenda hospitali kuchukua chupa mpya kabla ile ya zamani haijaisha, kukoroga uji mwepesi na kutosikitika ukikataliwa. Ni kukaa bila kusema kitu. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana sisi tumelelewa kujaza chumba cha mgonjwa kwa maneno ya kutia moyo, na mgonjwa hulazimika kuyaitikia akiwa hoi.

Kuna mengine ambayo rafiki huyaweza na ndugu hayawezi. Familia nyingi huficha habari. Daktari huitwa pembeni na kuombwa asimwambie mzee, na mzee, ambaye mwili wake umekwisha kumwambia, hunyamaza asije akawavunja moyo wanawe. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na nyumba nzima inakosa mtu wa kusema naye. Rafiki wa ujanani, aliyelala naye hanga moja jeshini au aliyeshika naye randa katika kibanda kimoja cha useremala, ndiye anayeweza kuulizwa saa tisa ya usiku: "Hivi, mwenzangu, hii yangu ni ya kurudi kweli?" Naye anaweza kumjibu kwa upole bila kumdanganya. Hapo ndipo hutoka habari za deni ambalo mke halijui, za hati ya kiwanja iliyowekwa kwa mtu, za mtoto aliyezaliwa nje ambaye mzee angependa kumwona. Na mtani, ambaye jadi imempa ruhusa ya kutania hata msibani, akiingia chumbani na kumwambia mgonjwa kwamba anajilaza tu kukwepa kulipa deni la kuku, hufanya jambo kubwa. Anayetaniwa angali mtu kamili, hajageuzwa kuwa wa kuonewa huruma.

Si kwamba mambo huwa rahisi hivyo. Ndugu wanaotoka mbali huweza kumkuta rafiki ameshika funguo za kabati la dawa na wakauliza yeye ni nani. Wengine husikia neno mofini wakadhani mgonjwa wao anaharakishwa. Rafiki hana sauti kwenye kikao cha ukoo, na anayeuguza miezi mitatu asiye wa ukoo, siku ya siku hahesabiwi miongoni mwa wafiwa. Pole zinampita zikienda kwa waliofika jana. Nalisema hili kwa uchungu. Tunao ustadi mkubwa wa kupanga nani anamhusu marehemu kwa damu, na hatuna namna ya kumtambua aliyemhusu kwa mikono yake.

Lakini zaidi ya wauguzaji, ninayemfikiria sana ni yule aliyelala. Tunazungumza juu ya utu kama jambo la mtoaji, kana kwamba anayepokea hana la kufanya ila kushukuru. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, Cicely Saunders, wakati huo ofisa ustawi wa jamii, alikuwa akimtembelea David Tasma, Myahudi aliyetoka Warsaw, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao na akiamini hakuacha alama yoyote duniani. Walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufia vizuri. Alipofariki alimwachia rafiki yake pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba hiyo ambayo bado haikuwapo. Saunders alisomea udaktari, na hospisi yake ya St Christopher's ikafunguliwa mwaka 1967. Mwaka 1969 wahudumu wake wakaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Katika mwanzo wa habari hii yote, aliyekuwa anakufa ndiye aliyetoa.

Kupokea kuna ugumu wake. Baba aliyesomesha wadogo zake wote, aliyekuwa wa kwanza kutoa kila palipochangishwa, anaoshwa sasa na watu aliowatangulia kwa umri. Pwani wana neno lao la kusitiriana, na hakuna mahali linapohitajika kuliko hapo: shuka lisifunuliwe zaidi ya panapooshwa, yasiyopaswa kutoka chumbani yasitoke. Sitara huanza kwa kumuuliza mwenyewe. Anaweza kumtaka huyu amlishe na asitake amwoshe. Anaweza kutaka wa kusali naye awe mmoja na wa kusikiliza naye mpira redioni awe mwingine. Anaweza kukataa wageni leo. Akichagua hivyo, anaendelea kuwa mwenye nyumba yake.

Mgonjwa anayemwambia rafiki yake, "Njoo Jumanne ulale hapa, binti yangu amechoka," amempa nafasi ambayo bahasha na machungwa havikuweza kuinunua. Wengi hawalisemi neno hilo kwa kuogopa kuwa mzigo. Na wako marafiki, nimekutana nao, ambao miaka mingi baada ya maziko bado wanajiuliza kwa nini hawakuitwa.