Nusu Saa Angani, Rakaa Mbili

Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Pemba ni kiasi cha kilomita 125, na ndege ndogo ya pangaboi huzimaliza kwa nusu saa hivi. Maji ya chupa hayajaisha, mikarafuu ya Pemba iko chini ya bawa. Mkaazi wa Unguja akishuka Chake Chake adhuhuri imeingia, asali rakaa mbili kama msafiri, au nne kama aliyekwenda sokoni? Wako wanaoona haya kupunguza: ruhusa, wanasema, iliwekwa kwa ajili ya jua, kiu na mgongo wa ngamia. Naona wamekosea, na kosa lao ni kuifanya rehema kuwa ujira wa mateso.

Aya ya 101 ya Suratun-Nisaa imetaja safari pamoja na hofu ya adui. Hofu ilipoondoka, Umar bin al-Khattab alimuuliza Mtume (s.a.w.) mbona sala bado inapunguzwa, akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni. Hofu iliyotajwa ndani ya aya yenyewe imeondoka na ruhusa ikabaki, sembuse taabu ambayo aya haikuitaja. Ndiyo maana mafakihi wa Kishafi, ambao pwani yetu imewafuata kwa karne nyingi, walipima kwa masafa: maili 48 za Kihashimu, ambazo wengi leo huzihesabu kati ya kilomita 80 na 90. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alilijibu suala la ndege bila ya kuiona ndege. Katika kitabu chake Minhaj ameipa bahari hukumu ya nchi kavu, kisha akasema kuwa hata mwenye kuyakata masafa hayo baharini kwa saa moja hupunguza. Tanga lililojaa upepo lilitosha kumwonyesha kwamba mwendo hubadilika na masafa hayabadiliki.

Lakini Dar es Salaam na Unguja zimeachana kwa kilomita 73 tu. Atakayetapika saa mbili botini wakati wa kusi hapati kitu, na wa Pemba aliyesinzia kitini anapata? Ugumu huu ni wa kweli. Ila taabu ina milango yake: mgonjwa husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali amelala. Tukiifanya taabu kuwa kipimo cha safari, mchukuzi wa bandarini anayebeba magunia tangu alfajiri atapunguza kila siku mjini kwake, na kila mtu atakuwa kadhi wa uchovu wake mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la Ibn Taymiyya: Qur'ani haina maili, na safari ni kile watu wanachokiita safari. Hoja yake ina nguvu, nami sidai kuibomoa. Lakini sikiliza lugha yetu. Aliyekwenda Pemba asubuhi na mkoba kwapani husemwa amesafiri, hata akirudi jioni. Aliyetoka Mwanakwerekwe kwenda Darajani, humo humo mjini Unguja, hasemwi hivyo. Kwa Pemba, basi, maili na desturi zimekubaliana. Zinagombana kwa Dar: desturi inasema kavuka bahari, maili zinasema hajafika. Hapo nabaki na maili, kwa kuwa rakaa nne ndiyo asili na shaka haiiondoi yakini. Wa Dar atimize nne; wa Chake Chake apokee mbili zake bila ya kuona haya.