Anayepanga namba za injini naye ataulizwa

Je, fundi akilibadilisha gari kwa matakwa ya mwenyewe, kisha gari hilo likaua, naye ana fungu katika dhambi hiyo? Au mzigo wote ni wa dereva aliyekanyaga mafuta? Swali hili niliulizwa na kijana niliyemsomesha, ambaye sasa ni fundi umeme wa magari. Nimeona jibu lisibaki kati yetu wawili, kwani sisi wa Manundu tunaishi kando ya barabara kuu itokayo Segera kwenda Mombo, Same na Moshi, na misiba ya barabara hiyo tunaijua.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Injini ya kisasa huongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Kiwanda huipangia mipaka. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwa mfano, yamezuiwa yasizidi kilomita 180 kwa saa. Wapo wanaoing'oa na kufunga nyingine inayojitegemea, kama ifanyikavyo kwenye magari ya rali. Hapo fundi ndiye anayeandika kila kitu: mafuta kiasi gani yaingie na plagi itoe cheche wakati gani. Petroli huungua kikamilifu kwa uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Injini ikibeba mzigo mkubwa huongezewa mafuta, pengine hadi hewa 12.5 kwa 1, isije ikapata joto la kupindukia. Fundi akibana mafuta, au akiwahisha cheche kupita kiasi, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Mteja hayaoni hayo. Yeye anaona gari linavuta tu.

Hapo ndipo ilipo amana. Ukinunua nyanya unaweza kuzibonyeza, na ukishonewa kanzu utaivaa ujitazame. Namba zilizomo ndani ya kontroli boksi huna namna ya kuzikagua. Kadiri mteja anavyoshindwa kukagua, ndivyo amana ya fundi inavyokuwa nzito. Kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini yake ni mashuhuri. Muuzaji alisema kuwa ni mvua. Udhuru ule haukumfaa, maana kosa halikuwa mvua, bali kuficha mbichi chini ya kavu.

Wasomi wa mataifa makubwa nao wameanguka katika mtihani huu. Septemba 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari liko kwenye kipimo cha moshi, ikalifanya litoe moshi safi. Likirudi barabarani, moshi unarudi ule ule. Kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Agosti 2017 mhandisi wake mmoja, James Liang, alihukumiwa kifungo cha miezi 40. Hakuwa mmiliki wa kampuni wala dereva wa magari hayo. Alikuwa mtaalamu.

Kwetu, sheria inataka basi la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa, na LATRA hufuatilia mwendo kwa mfumo wa VTS. Mara kadhaa mamlaka hiyo imetangaza kuchukua hatua dhidi ya mabasi ambayo mfumo huo umechezewa. Tujiulize: kifaa kinajichezea chenyewe? Yupo mwenye ujuzi aliyekigusa, akalipwa, akaenda zake.

Atasema: gari ni mali ya mwenyewe. Ni kweli, lakini haki ya mali ina mpaka, nao ni madhara kwa wengine. Anayepanga injini ya rali, ambako njia hufungwa na dereva anaijua hatari, simwoni na kosa madhali amemweleza ukweli wote. Lakini abiria wa basi hakuulizwa, wala mwanafunzi anayevuka barabara hapa Manundu. Usiku wa Februari 3, 2023, katika wilaya hii ya Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyobeba maiti kwenda Kilimanjaro kuzikwa. Walitangazwa watu 17 kufariki, na idadi ikaongezeka baadaye. Sisemi ajali ile ilitokana na kuchezewa kwa kifaa chochote. Nasema barabara ni moja, na waliomo humo hawakuchaguana.

Atasema tena: nisipofanya mimi atafanya mwingine. Hoja hii siidharau, kwani fundi ana watoto na kodi ya banda, na mteja akiondoka fedha imeondoka. Hata hivyo, huyo mwingine ataulizwa kwa lake, na wewe kwa lako. Riziki iliyokupita haitahesabiwa kwako kuwa dhambi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba fundi ana fungu, kwa kadiri ya alichokijua. Amweleze mteja hatari zote kabla ya kupokea fedha. Asiandike mpangilio wenye sura mbili, moja ya mkaguzi na nyingine ya barabarani. Na mpaka uliowekwa kulinda roho za watu wengine asiuondoe, hata mwenye gari akisisitiza, maana si wake kuutoa.

Wallahu a'lam.