Je, Kukaguliwa ni Kutoaminiwa?

Huku Busunzu, kama katika vijiji vingi, wako watu waliojiunga ili kuweka na kukopeshana. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake. Hapana mshika ufunguo aonaye kwamba ametukanwa. Lakini serikali ikitaka vikundi viandikwe, na wakopeshaji wakaguliwe, wengi hunung'unika: "Je, sisi tu wezi?" Neno hili tulifikiri, wasomaji wapendwa.

Wanung'unikao wadhani akiba hupotea kwa wizi tu. Mnamo Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano, yaani Covenant, Efatha, Njombe, Meru, na ile ya wakulima wa Kagera. Sababu iliyotajwa ni upungufu wa mtaji. Na mtaji ni nini? Ni fedha ya wenye benki wenyewe, ambayo hupotea kwanza wakopaji wasipolipa. Mvua ikikosekana, maharage yakakauka, hata mkopaji mwaminifu hana cha kurudisha. Mtaji ukiwa haba, hasara yaingia katika akiba ya mjane, ambaye hakumkopesha mtu wala hakuulizwa. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ililipa hadi shilingi 1,500,000 tu kwa kila mwenye akiba. Basi amwambiaye mwenzake, "Fedha yako i salama," hali hana cha kuikinga, hasemi kweli, ajapokuwa mtu mwema.

Wala cheo cha dini hakitoshi. DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, iliongozwa na wachungaji, na kwa sababu hiyo wengi hawakuuliza faida yatoka wapi. Ilitoka kwa waliokuja nyuma.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yazitenga kazi hizi. Akopeshaye fedha yake mwenyewe haruhusiwi kupokea akiba za watu. Apokeaye akiba za watu wote sharti awe na mtaji uliowekwa. Na kikundi cha kijijini huandikwa kwa halmashauri. Kwa kikundi cha watu ishirini karatasi hizo ni nyingi mno, nami nasema maofisa wangefanya vema kuzipunguza. Lakini wale wanaoficha daftari lao ili kuepuka karatasi, siku sanduku likionekana tupu, wataipeleka wapi hesabu yao?